Nakala zisizo rasmi: shajara ya folda tuliyoisahau

Shajara hii ni ya yeyote anayesimamia tovuti yenye nakala za nyaraka zilizotolewa rasmi na wengine: viwango vya kiufundi, miongozo, vitabu vya maelezo. Sisi ni wawili, tovuti yetu ni ndogo ya kufundishia, na nakala zenyewe zilijirundika kwa miaka bila mpango. Naongeza maandishi kila hatua inapokamilika. Yaliyokwenda vizuri nayagusa tu. Yaliyotuumiza nayaeleza kwa urefu, maana ndiyo yatakayomfaa anayetaka kuiga.

## 4 Februari: barua pepe iliyotuamsha

Msomaji mmoja alikuwa anaandika programu ya kupakua picha nyingi kutoka seva moja, akaibana isifungue zaidi ya miunganisho miwili kwa wakati mmoja. Programu ikawa inajikokota. Mwenzake alipomuuliza hiyo miwili ameitoa wapi, akamwonyesha ukurasa wetu: RFC 2616 (RFC ni hati zinazoeleza viwango vya intaneti), sehemu ya 8.1.4, inayosema programu ya mtumiaji mmoja isiweke miunganisho zaidi ya 2 na seva yoyote.

RFC 2616, iliyoeleza HTTP/1.1, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na seva, ilitoka Juni 1999. Juni 2014 ilibatilishwa na RFC sita, 7230 hadi 7235, na ule ukomo wa miunganisho 2 ukaachwa; hakuna idadi nyingine iliyowekwa mahali pake. Hizo sita nazo zikabatilishwa Juni 2022 na RFC 9110, 9111 na 9112. Msomaji wetu alikuwa vizazi viwili nyuma, na waliomrudisha huko ni sisi, kwa sababu alipotafuta mtandaoni nakala yetu ilitokea juu ya hati asilia.

"Siwalaumu, ndugu zangu," aliandika, "ila mngetuwekea hata mstari mmoja hapo juu kwamba hii imeshapitwa."

Nikaufungua ukurasa wenyewe. Herufi za upana mmoja, kurasa 176, kila kitu kama kilivyotoka kwa wenyewe. Juu kushoto hati inajieleza kwamba inabatilisha RFC 2068. Kuhusu yenyewe kubatilishwa, kimya. Wala haiwezi kusema, kwa sababu RFC ikishachapishwa haiguswi tena: iliyoitangulia inaitaja, iliyoifuata haiijui.

## 10 Februari: hesabu

Tumehesabu faili 418. Kati yake 261 ni RFC za maandishi matupu, 74 ni kurasa za HTML (nyingi za W3C, shirika la viwango vya wavuti), na 83 ni PDF za kila namna. Nusu ya hizo PDF hakuna kati yetu anayekumbuka nani aliziweka.

Tumefungua daftari lenye safu tano: anwani ya hati asilia, tarehe tuliyoichukua, leseni, hali yake leo, na nani kati yetu anaiangalia. Safu ya tarehe ndiyo iliyotutoa jasho. Faili zote 418 zilionyesha tarehe moja, usiku mmoja kati ya saa nane na saa tisa. Ni usiku tuliohamia seva mpya. Nilinakili folda kwa amri ya `cp` bila `-p` inayotunza tarehe, nikazifuta tarehe zote za awali pasipo kujua. Ningetumia `rsync -a` zingebaki.

Tiba tuliipata Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni inayotunza sura za zamani za tovuti, kwa kutafuta kurasa zetu wenyewe humo. Kama ukurasa haupo kwenye kumbukumbu ya Machi na upo kwenye ya Mei, nakala iliwekwa katikati ya hapo. Kazi hiyo imekula saa 9. Faili 37 hazikuacha alama yoyote. Hizo zimeandikwa "kabla ya" tarehe ya kuhama, basi. Kuandika tarehe siku ya kunakili kungechukua nusu dakika kwa kila faili.

Mwenzangu alitaka tufute folda nzima tulale. Sikukubali. Mwaka 2008 W3C walieleza kwamba seva zao zilikuwa zinapokea hadi maombi milioni 130 kwa siku ya faili za DTD na skima (zinazoeleza muundo wa nyaraka), faili ambazo karibu hazibadiliki kamwe, kwa sababu programu za watu zilizifuata upya kila mara badala ya kujiwekea nakala. Nakala ina kazi yake. Hizi zetu zilikosa kitambulisho tu: zimetoka wapi, lini, na je, zingali hai.

## 18 Februari: heshi, na kujipiga kifua mapema

Swali la kwanza lilikuwa kama nakala zetu ni nakala kweli. Kwa kila faili tulikokotoa heshi ya SHA-256, alama ya herufi 64 inayotokana na yaliyomo kwenye faili, ambayo karibu zote hubadilika hata ukigusa nukta moja, tukalinganisha na ya hati iliyochukuliwa upya kutoka kwa mwenyewe.

Kwa kuwa RFC hazibadiliki nilitegemea 261 kati ya 261. Zikafeli 94. Nusu saa nzima nilikaa nikiamini tumevamiwa. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa miisho ya mistari: zilipitia kompyuta inayoongeza herufi ya ziada isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari. Nyingine zilipoteza ile herufi ya kugeuza ukurasa, iliyofutwa na kihariri kilichoiona kama takataka. Tulipoziondoa tofauti hizo pande zote mbili, zikabaki 3.

Hizo 3 ndizo zilizotuaibisha. Mtu mmoja miongoni mwetu, kwa nia njema kabisa, aliona orodha ya makosa yaliyothibitishwa ya RFC hizo akayasahihisha ndani ya matini. Orodha hiyo hutunzwa kando makusudi. Matini huachwa ilivyo. Faili zetu zikawa si hati asilia wala si toleo lililotangazwa kuwa limesahihishwa. Tumeziweka upya. (Aliyefanya hivyo ni mimi. Nilikumbuka siku mbili baadaye.)

PDF zilikuja na lao. Mwongozo uleule, ukiupakua mara mbili kwa dakika tano, ulitoa heshi mbili tofauti. Seva yake huitengeneza PDF papo hapo na kuipachika saa ya kuundwa na namba ya utambulisho, kwa hiyo kila nakala ni faili mpya yenye maneno yaleyale. Tukaanza kutoa maneno kwa `pdftotext` na kukokotoa heshi ya maneno peke yake. Hilo nalo lina tundu: kwenye mwongozo mmoja mchoro ulikuwa umebadilishwa na maneno hayakuguswa, tukaligundua kwa macho tu. Siku hizi tunageuza pia kila ukurasa kuwa picha ndogo na kulinganisha picha. Dakika 40 kwa PDF 83, ni polepole lakini inafanya kazi.

Jioni ile RFC zote zilionyesha kijani, tukajipiga kifua. Mwenzangu akauliza kwa upole: "Na 2616 je?" Kijani. Heshi sahihi, herufi kwa herufi. Hati iliyompoteza msomaji wetu ilifaulu mtihani kwa alama zote.

## 24 Machi: tulivyojifunga wenyewe kwa robots.txt

Jambo hili tulilianza tarehe 5, na wiki mbili zimepotea.

Lengo lilikuwa injini za utafutaji ziache kuweka nakala yetu juu ya hati asilia. Niliweka `Disallow: /nakala/` kwenye robots.txt, faili inayoziambia roboti za injini hizo zisiingie wapi, na kwa usalama zaidi, kama nilivyodhani, nikaweka pia `noindex`, yaani "usiniorodheshe", kwenye kila ukurasa. Baada ya wiki mbili kurasa zilikuwa bado zimo kwenye matokeo. Tofauti pekee ni kwamba chini ya kichwa hakukuwa na maelezo yoyote. Yaani mtu sasa alikuwa anabofya gizani.

Robots.txt imekuwepo tangu 1994 na RFC 9309 ya Septemba 2022 ndiyo iliyoifanya kiwango, nasi miaka yote hatukuwahi kuisoma. Inachofanya ni kuikataza roboti kuutembelea ukurasa. Kuorodhesha anwani ambayo roboti imeisikia kwa wengine ni jambo jingine. Na kwa kuwa tuliizuia mlangoni, ile `noindex` iliyokuwa ndani haikusomwa na yeyote. Amri ya pili ilikuwa imefungiwa na amri ya kwanza.

Tumeondoa zote mbili na kuweka `rel="canonical"`, alama inayosema "maandishi haya makao yake ni kule". Injini kubwa ziliitambua mwaka 2009, na RFC 6596 ya Aprili 2012 ikaiandika rasmi. Kwenye HTML inakaa ndani ya ukurasa. Faili ya maandishi matupu na PDF hazina pa kuiweka, kwa hiyo inatumwa na seva pamoja na faili:

`Link: <https://www.rfc-editor.org/rfc/rfc2616.txt>; rel="canonical"`

Hapa tulibishana kidogo. Mwenzangu aliona canonical ya 2616 ielekee 9110, ambayo ndiyo hai. Hapana. Alama hiyo ni ya maandishi yaleyale yaliyo mahali pengine. Mrithi ni hati nyingine, na nafasi yake ni kwenye bango la onyo juu ya ukurasa, ambalo binadamu analisoma. Kumbuka pia kwamba kwa injini hizo canonical ni pendekezo. Haiwafungi.

Kosa jingine, dogo kwa kuandika na kubwa kwa matokeo: kiolezo cha ukurasa kilikuwa na thamani ya akiba endapo anwani ya asilia itakosekana. Nilikosea jina la safu, anwani zote zikakosekana, na kurasa zote 74 za HTML zikatangaza kwamba makao yake ni ukurasa wa mbele wa W3C. Ilidumu siku tatu. Thamani ya akiba nimeifuta. Siku hizi anwani ikikosekana ukurasa hautengenezwi kabisa.

## 6 Aprili: hali ya hati inakaa nje ya hati

Hii ndiyo hatua niliyoitamani tangu mwanzo. RFC Editor, ofisi inayochapisha RFC, hutoa faharasa moja ya XML yenye RFC zote, na kwa kila moja inaeleza imebatilishwa na ipi, imeboreshwa na ipi, hali yake ya sasa, na kama ina orodha ya makosa. Skripti yetu inaichukua mara moja kwa wiki na kujaza safu ya "hali" kwenye daftari. Faili moja tu, hakuna kugonga milango 261.

Jibu la kwanza: kati ya RFC zetu 261, 88 zilishabatilishwa.

Toleo la kwanza la skripti lilikuwa likiruka hatua moja na kusimama. Bango la 2616 likawapeleka wasomaji kwa 7230 na wenzake, yaani tumemtoa mtu kaburi hili na kumwingiza la jirani. Siku hizi inafuata mnyororo mpaka mwisho, na mnyororo ukigawanyika matawi inayataja yote.

Halafu rangi. Bango la kwanza lilikuwa jekundu kwa kila hati yenye neno lolote kwenye safu ya hali, na hapo tukawatisha watu bure. RFC 2119 ya Machi 1997, ile inayofafanua maneno ya lazima na ya kupendekeza, iko hai. Imeboreshwa tu na RFC 8174 ya Mei 2017, iliyosema maneno hayo yana uzito maalumu pale tu yanapoandikwa kwa herufi kubwa. Kuboreshwa ni njano: soma, ila soma na ile nyingine. Kubatilishwa ni nyekundu.

Bango la 2616 sasa linasomeka hivi:

*Hii ni nakala isiyo rasmi. Ilichukuliwa kati ya Machi na Mei 2013. Inalingana na hati asilia. Hati hii IMEBATILISHWA: tumia RFC 9110, 9111 na 9112. Nakala imebaki hapa kwa ajili ya kumbukumbu.*

Sentensi ya tatu tuliiondoa, tukairudisha, tukaiondoa, tukairudisha. Mwenzangu anahofu mtu atasoma "inalingana" na kuachia hapo. Mimi naona msomaji ana haki ya kujua kwamba kosa haliko kwenye herufi.

Mahali pa kuliweka napo palitusumbua. Mwanzo nililiandika ndani ya faili yenyewe, mistari mitano juu kabisa. Wiki iliyofuata kengele yetu ya heshi ikalia mara 88, kwa sababu tulikuwa tumezichafua nakala kwa mikono yetu. Isitoshe ruhusa ya kusambaza RFC ni ya kuinakili bila kuibadilisha. Sasa faili inakaa safi, na bango liko kwenye ukurasa unaoizunguka.

Lakini anayepakua faili anaondoka bila bango, na mwaka kesho ataikuta kwenye diski yake ikiwa imenyamaza kama mwanzo. Suluhisho letu ni la kijinga na nalipenda: seva inapendekeza jina la faili kupitia `Content-Disposition`, na jina lenyewe ndilo onyo. Ukiipakua 2616 kwetu inajihifadhi kama `rfc2616-nakala-IMEBATILISHWA.txt`. Anayetaka kulibadilisha atalibadilisha, ila atakuwa ameliona.

## 14 Aprili: usiku wa PDF 23

Tulipokwisha kujua nani amepitwa, nikaona tuongeze kusasisha kwa skripti: hati asilia ikibadilika, nakala yetu ijibadilishe usiku. Niliijaribu kwa faili nne. Ikafanya kazi. Nikaiachia zote.

Siku ya sita msomaji akatuambia mwongozo aliopakua haufunguki, kisomaji chake cha PDF kinasema faili imeharibika. Niliifungua kwa kihariri cha maandishi. Mstari wa kwanza, mahali ambapo PDF yoyote huanza na `%PDF-`, palikuwa na `<!DOCTYPE html>`. Chini yake ukurasa mzima wa kuomba radhi kwamba tovuti imepangwa upya na unachotafuta kimehamishwa.

Wenye nyaraka hizo walikuwa wamebadilisha mpangilio wa anwani zao, na ukurasa wao wa "haipatikani" ulikuwa unajibu 200, yaani "sawa, hiki hapa", badala ya 404, yaani "hakipo". Skripti ikaona 200, ikaona maudhui yamebadilika, ikafurahi, ikahifadhi ukurasa wa radhi juu ya PDF nzuri. Mara 23. Kisha, na hapa ndipo nilipokosa usingizi, ikakokotoa heshi ya hiyo takataka na kuiandika daftarini kama heshi sahihi. Ndiyo maana kengele haikulia. Mlinzi na mwizi walikuwa mtu mmoja.

Faili zote 23 zilikuwa na ukubwa uleule hadi baiti ya mwisho. Ukitazama orodha kwa sekunde mbili unaona. Hakuna aliyetazama.

Bakapu yetu inashika siku 7. Tumeokoa zote 23 zikiwa zimebakiza siku moja.

Tulichobadilisha: baiti tano za kwanza lazima zisomeke `%PDF-` kama faili inajiita PDF. Faili mpya ikiwa chini ya nusu ya ukubwa wa ya zamani inawekwa kando. Hakuna tena kuandika juu ya faili. Toleo jipya linakaa kando ya la zamani likiwa na tarehe kwenye jina. Na heshi haiingii daftarini mpaka mmoja wetu aifungue faili kwa macho yake na kuikubali. Hilo la mwisho linachukua dakika 10 kwa wiki, na mwenzangu bado analiita la kizamani. Saa zilizopotea usiku ule na siku iliyofuata: 14.

Jambo la pembeni la wiki hiyohiyo: seva moja ya nyaraka ilianza kutujibu 429, maombi yamezidi. Ilikuwa na haki. Skripti ilikuwa inapakua kila hati nzima kila usiku ili tu kuuliza kama imebadilika, tabia ileile ya programu zilizowachosha W3C. Sasa tunatuma `If-None-Match` yenye ETag, alama ya toleo la hati, tuliyopewa mara ya mwisho, na kama hakuna jipya seva inajibu 304 bila kutuma kitu. Tena mara moja kwa wiki, kwa mwachano wa sekunde kumi.

## 2 Mei: kurasa za W3C na kipande tulichokikata

Kurasa hizi tulikuwa tumezisafisha zamani ili zifunguke haraka: tukatoa skripti, na tukatoa sehemu ndefu ya mwanzo inayoeleza hali ya hati, tukiona inachosha. Nani anasoma aya nne za urasimu kabla ya kufika kwenye jambo?

Kumbe leseni ya nyaraka ya W3C inataka vitu vitatu kutoka kwa anayenakili: kiungo cha hati asilia, tangazo la hakimiliki, na hali ya hati ikiwa imo. Tulikuwa tumekata kimoja kati ya vitatu. Na zile skripti tulizotoa, kwenye nyaraka za miaka ya karibuni, moja yake ndiyo inayoonyesha onyo kwamba toleo hili limepitwa na kukupeleka kwenye jipya. W3C walishajenga bango tunalohangaika nalo tangu Februari. Tulilitupa wenyewe kwa jina la wepesi.

Tumezichukua upya zote, bila kukata.

Hapa pia bango letu lilitudanganya. Skripti iliona WCAG 2.2 (mwongozo wa W3C wa tovuti zinazofikika na watu wenye ulemavu), ya 5 Oktoba 2023, ikaipiga WCAG 2.0 ya Desemba 2008 muhuri mwekundu. Lakini WCAG 2.0 haijafutwa. W3C wanashauri kutumia ya karibuni zaidi, na zile za awali zimebaki kuwa mapendekezo yao halali. Kuna mahali ambapo mkataba au kanuni imetaja 2.0 kwa jina, na anayefuata mkataba huo anahitaji 2.0 yenyewe, pamoja na kigezo 4.1.1 ambacho 2.2 imekiondoa. Tumeongeza hali ya nne daftarini: "ipo mpya, hii bado halali". Hii haijazwi na skripti. Inajazwa na mtu aliyesoma.

HTML ilitushinda kwa namna nyingine. Kwa miaka kulikuwa na vyanzo viwili, W3C na WHATWG, kundi la watengenezaji wa vivinjari, mpaka makubaliano ya 28 Mei 2019 yalipoiacha kazi hiyo ikae WHATWG kama kiwango kinachoishi, kisicho na namba za matoleo. Nakala ya hati ya namna hiyo inaweza kuchacha siku hiyohiyo. Tulikuwa nayo moja. Tumeifuta na kuweka kiungo.

## 21 Mei: zisizo zetu, na mayatima

PDF 5 zilikuwa viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, ambavyo huuzwa kwa leseni na si vya kuanikwa. Hazina mjadala. Tumezitoa, na anwani zake zinajibu 410: kilikuwepo, kimeondolewa makusudi. Ukijibu 404 roboti huenda ikarudi kubahatisha.

Nakala 62 ambazo asilia yake ina anwani thabiti na kumbukumbu za seva zinaonyesha karibu hakuna anayezifungua kwetu, tumezielekeza kwa 301, yaani "kimehamia kule", moja kwa moja kwa wenyewe.

Mayatima ni PDF 11 ambazo asilia yake haipo tena mahali pake rasmi. Hizi nilikuwa tayari kuzitetea hadi mwisho, ila unamthibitishiaje msomaji kwamba hukuibadilisha hati ambayo hana cha kuilinganisha nayo? Tulitafuta anwani zake rasmi za zamani kwenye Wayback Machine na kulinganisha heshi. Mwanzo zote zilifeli, kwa sababu tulisahau kuongeza `id_` baada ya muhuri wa saa kwenye anwani. Bila hiyo unapewa ukurasa wa hifadhi, si faili yenyewe. Tulipoongeza, 7 zililingana. Hizo bango lao linataja siku ambayo hifadhi iliiona hati kwa mwenyewe.

Zilizobaki 4 hazina ushahidi wowote. Mwenzangu alitaka zitoke. Zimebaki, na bango lake ndilo refu kuliko yote: hatuna namna ya kuthibitisha kwamba nakala hii ni sawa na iliyotolewa rasmi, usiinukuu kama rasmi. Sina uhakika kwamba nilishinda hoja. Nilishinda kura, maana seva iko kwangu.

## 9 Juni: tulipofika

Kati ya faili 418 zimebaki 350. Saa zilizotumika, kwa daftari letu, ni 96. Kati ya hizo naona 40 hivi zilikwenda kufuta makosa yetu wenyewe ya miezi hii, achilia mbali ya zamani. Diski imepanda kutoka GB 1.1 hadi GB 1.9 kwa sababu ya kuweka matoleo. Wanaoingia kwenye folda kutoka injini za utafutaji wamepungua karibu nusu, na ukitafuta RFC 2616 sasa sisi tuko chini ya wenyewe. Mwenzangu alilipokea hilo kwa huzuni kidogo. Ndilo tulilolitafuta.

Wiki hii nilitafuta mtandaoni, neno kwa neno, sentensi moja ambayo niliisahihisha kwa maneno yangu kwenye zile RFC 3. Imetokea kwenye tovuti mbili nisizozijua. Walinakili kwetu, pamoja na kiraka changu, na kwao imeandikwa ni RFC halisi. Nimewaandikia wote wawili, nikawapa heshi sahihi na anwani ya asilia. Mmoja ameshabadilisha. Mwingine anwani yake ya barua pepe imerudisha ujumbe.